Magharibi bila machweo: Safari ya familia yetu hadi Tromsø

Mama yangu ana umri wa miaka 71, na katika umri wake wote hakupata kuulizwa na mtu yeyote kwamba swala ya Magharibi huingia saa ngapi. Nyumbani kwetu Tanga hilo si jambo la kuulizana. Jua huchwa upande wa bara, kuku huingia bandani, mwadhini huita, na mama hutandika msala wake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyotufundisha sisi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipotupigia simu kutoka Norway, mapema mwaka 2025, akitualika tukaone jua la saa sita usiku, swali la kwanza la mama halikuwa juu ya nauli wala baridi. Aliuliza: “Na Magharibi mnaswali lini, mwanangu?”

Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya. Kisha mdogo wangu akasema, “Tutazungumza ukifika, mama.” Nilidhani mtandao ulikuwa mbaya. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mtandao haukuwa na kosa lolote.

Tulisafiri katika likizo ya shule ya mwezi Juni, baada ya Idi ya kuchinja. Tulikuwa watu watano: mama, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 10. Tuliondoka Dar es Salaam, tukapitia Doha na Oslo, na tarehe 17 Juni tukatua Tromsø, mji uliojengwa juu ya kisiwa kati ya milima yenye theluji, ndani kabisa ya Duara la Aktiki. Saa za ukutani zilisema ni saa tano usiku. Mwanangu alitazama nje, akamwambia bibi yake, “Bibi, shikamoo ya asubuhi!” Mama akamwitikia marahaba, lakini hakucheka.

Nchi ambayo jua halichwi

Tromsø ina wakazi zaidi ya 70,000. Ipo karibu nyuzi 70 kaskazini ya Ikweta, wakati Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini yake. Tofauti hiyo ndiyo asili ya mambo yote. Dunia haizunguki ikiwa wima mbele ya jua. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Sisi tunaokaa karibu na Ikweta hatuuhisi sana mwinamo huo, kwani baina ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi hakuna tofauti ya saa nzima. Lakini kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, tofauti huzidi. Akishavuka nyuzi 66 na nusu, hufika mahali ambapo jua la Juni huzunguka angani pasipo kuzama.

Tromsø jua halizami kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Malipo yake huja wakati wa baridi: tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na wenyeji huishi kwa mwanga hafifu wa adhuhuri na kwa taa. Kilele cha mwanga ni Juni 21, siku ambayo jua hufika ukomo wa safari yake ya kaskazini, kisha likaanza kurudi.

Mambo hayo nilimweleza mwanangu mezani kwa chungwa na taa. Alilizungusha chungwa polepole, akakitazama kidoa cha wino alichokitia karibu na kikonyo, akaona kwamba hakiingii gizani hata chungwa likizunguka namna gani. Ndipo akauliza swali ambalo bibi yake alikuwa amelibeba kutoka Tanga: “Baba, kama Magharibi ni jua kuchwa, na jua halichwi, je, Mwenyezi Mungu anatudai Magharibi?”

Ndugu msomaji, swali hilo ni gumu zaidi kwetu sisi Waswahili. Saa yetu yenyewe imefungwa kwenye jua. Tunapotaja saa moja asubuhi, tunahesabu tangu mapambazuko. Tunapotaja saa moja usiku, tunahesabu tangu machweo. Tunasema “mchana kutwa” kwa sababu mchana una kutwa kwake, na “usiku kucha” kwa sababu usiku una kucha kwake. Mtu wa pwani akifikishwa mahali pasipo kutwa wala kucha, si swala peke yake inayotikisika. Lugha nayo hukosa pa kusimama.

Kibla kwa upande wa kusini

Siku ya kwanza mama alituuliza kibla, kisha bila kungoja jawabu akaelekea kaskazini, kama alivyozoea. Tanga na Makka zinakaribiana sana kwa longitudo, na anayeswali Tanga huelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Ndiyo maana katika kauli za wazee wetu wa pwani neno kibla limetumika hata kwa maana ya kaskazini. Mdogo wangu alimshika mabega taratibu, akamgeuza. Tromsø ipo mbali kaskazini kiasi kwamba Makka iko nyuma ya ule upande alioujua mama; mswaliji wa huko huelekea kusini, akikengeuka kidogo mashariki. Mama akasema kwa sauti ndogo, “Tumepita hata kibla.”

Siku zilizofuata tulitembea. Tulivuka daraja refu linalounganisha kisiwa na bara. Sokoni mama aliona samaki wakubwa wa maji baridi waliokaushwa kwa upepo bila chumvi, biashara ambayo Norway imeifanya kwa karne nyingi, akafurahi mno: “Kumbe na huku wana ng'onda wao!” Alinunua samaki wabichi, akawapika kwa tui la kopo, na jikoni kwa mdogo wangu kukanukia Tanga.

Ijumaa tuliswali katika msikiti mdogo wa mjini. Walikuwamo Wasomali, Waarabu, Waafghani na Wanorwei waliosilimu. Mzee mmoja wa Kisomali aliyelelewa Nairobi alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri, akampa mama ratiba ya swala. Katika majira ya jua lisilozama, alieleza, wao hufuata saa za Makka. Mama aliisoma ratiba ile kwa makini: Magharibi saa moja na dakika chache jioni, Isha baada ya saa moja na nusu hivi. “Mbona hazipishani na za kwetu hata saa nzima?” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tufike uso wake ulilegea. Lakini nilimwona mdogo wangu akitazama sakafu.

Usiku wa Storsteinen

Usiku wa kuamkia Juni 21 tulipanda mlima Storsteinen kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Kituo cha juu kipo mita 421 kutoka usawa wa bahari. Chini yetu mji ulikuwa umelala huku ukiwaka jua. Madirisha mengi yalikuwa yamefungwa kwa mapazia mazito. Kulikuwa na wageni wa mataifa mengi, kila mmoja ameinua simu yake kupiga picha.

Kwa sababu ya mahali mji ulipo na saa za kiangazi zinazotumika Norway, jua hufika chini kabisa si saa sita kamili bali saa saba kasorobo usiku. Wakati huo lilikuwa kaskazini hasa, juu ya upeo kwa nyuzi 3 hivi, jekundu na pole, kama linavyokuwa kwetu dakika chache kabla ya kuchwa. Sote tulinyamaza. Lilikaribia upeo, likasita, kisha likaanza kupanda tena. Mke wangu alisema, “Subhanallah,” na hakuongeza neno.

Mama alikuwa ametandika msala kando, mbali na watu, ili aswali rakaa mbili za usiku. Alielekea kusini, jua likiwa mgongoni mwake, na kivuli chake kilimtangulia upande wa kibla. Jua likiwa chini kiasi hicho, mtu wa kimo cha mita moja na nusu hutupa kivuli cha zaidi ya mita 25 kwenye ardhi tambarare. Alipotoa salamu alimwita mdogo wangu, akamkalisha karibu.

“Mwanangu, mwaka wa kwanza ulipokuwa huku peke yako, ulifanyaje?”

Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, ambaye amesema huenda yakamfaa binti wa mtu mwingine.

Alisoma uuguzi Oslo, ambako misikiti ni mingi na jua la Juni, ingawa huchelewa sana, huzama. Mwanzoni mwa mwaka 2021 alipata kazi katika kijiji cha wavuvi huko kaskazini, mahali ambapo hakukuwa na Mwislamu mwingine hata mmoja. Ilipofika mwishoni mwa Mei jua likaacha kuzama. Siku ya kwanza alikaa dirishani akiingoja Magharibi mpaka usingizi ukamchukua. Siku ya pili aliswali saa tano usiku, moyo wake ukiwa na shaka. Alifungua programu za simu: moja ilimwonesha vistari mahali pa saa, nyingine ilimpa saa hizi, ya tatu saa zile. Alijiambia atauliza kesho. Kesho alikuwa zamu. Baada ya wiki mbili aliiacha Magharibi, kisha Isha na Alfajiri. Na tatu hizo zilipokwenda, Adhuhuri na Alasiri nazo zikazifuata, ingawa wakati wake ulikuwa ukionekana wazi angani. Mwezi wa Agosti usiku uliporudi alianza tena, na vuli hiyo akahamia Tromsø na kuujua msikiti. Tangu hapo hajaacha. Lakini ule msimu hakuulipa, na hakumwambia mtu.

“Kila ulipopiga simu, mama, uliniuliza, ‘Umeswali?’ Nami nikasema ndiyo.”

Niliogopa jawabu la mama, kwani katika jambo la swala hana mzaha. Alikaa kimya muda mrefu akilitazama jua. Kisha akasema: “Mimi ndiye niliyekufundisha kuswali jua likichwa. Sikukufundisha la kufanya jua likikataa kuchwa. Uongo ni wako, utautubia. Ujinga huu ni wetu sote.”

Waliotutangulia katika swali hili

Asubuhi yake nilirudi msikitini nikakaa na yule mzee wa Kisomali. Alinikumbusha Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, iliyopokewa na Nawwas bin Sam'an (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwapa Masahaba habari za Dajjali, kwamba atakaa siku arubaini, ambazo moja itakuwa kama mwaka, moja kama mwezi, moja kama wiki, na zilizobaki kama siku za kawaida. Masahaba hawakuuliza juu ya chakula wala usalama wao. Waliuliza iwapo katika siku iliyo kama mwaka zitawatosha swala za siku moja. Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba hazitawatosha, bali wakadirie kwa kipimo chake.

Hapo ndipo ulipo msingi. Alama ya wakati inaweza kutoweka, lakini swala tano katika kila mzunguko wa saa 24 hazitoweki. Mwanangu alipolisikia jawabu hilo alisema, “Kwa hiyo Masahaba waliuliza kama mimi.” Ndiyo, nilimwambia, waliuliza kama wewe.

Nao si wao peke yao. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alifika kwa Wabulghari wa mto Volga, ambako usiku wa kiangazi ni mfupi mno. Amesimulia kwamba alikuwa hemani akizungumza na fundi cherehani wa mfalme, mwenyeji wa Baghdad, wakingoja adhana ya Isha. Waliposikia adhana wakatoka, na kumbe kumepambazuka. Mwadhini akamweleza kwamba Isha wao huiswali pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mwezi mzima halali usiku kwa kuchelea Alfajiri isimpite. Ibn Battuta naye, ambaye alifika Kilwa mwaka 1331, ameandika habari za usiku huo huo wa Bulghar, ingawa baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka kama alifika huko.

Mafakihi waliijadili sana hali hiyo. Baadhi ya Mahanafi waliona kwamba wakati usipopatikana, wajibu wa swala ile nao haupo. Wenzao wakawapinga kwa Hadithi tuliyoitaja. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu wa pwani, anayekosa alama ya Isha hukadiria kwa mji ulio karibu naye ambao alama hiyo hupatikana. Katika zama zetu Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Makka lilitoa azimio mwaka 1402 Hijria, sawa na 1982: katika nchi za kaskazini zaidi ya nyuzi 66, pale alama za usiku au mchana zinapopotea, nyakati zikadiriwe kwa uwiano na nyakati za mahali palipo nyuzi 45. Wapo wanazuoni waliosema zichukuliwe saa za Makka, na wapo waliosema mji wa jirani. Njia ni zaidi ya moja, na mgeni hufuata walioshikamana nayo watu wa msikiti wa mahali pale. Kukaa dirishani kungoja jua lisilozama si mojawapo ya njia hizo.

Daftari la siku hamsini

Mama hakuhitaji maelezo marefu. Aliporudi kutoka mlimani alitawadha, akamwambia mdogo wangu, “Lete daftari.” Kwa kuwa mdogo wangu hakumbuki ni lini hasa aliacha kila swala, walikichukua kipindi chote cha jua lisilozama, tangu Mei 20 hadi Julai 22: siku 64. Wakaondoa siku ambazo sharia haimdai mwanamke swala, zikabaki 50. Siku hamsini kwa swala tano ni swala 250. Mama akasema kila swala ya faradhi itafuatwa na moja ya deni, Adhuhuri kwa Adhuhuri, Magharibi kwa Magharibi, na wao wawili wataanza leo.

“Wewe huna deni, mama,” mdogo wangu alimwambia.

“Nitakaa nawe ukilipa langu la kutokukufundisha.”

Binti yangu alichora miraba 50 kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani, kila mraba ukiwa na vijumba vitano. Katika siku zetu zilizobaki niliwaona kila jioni, saa moja na dakika chache, mapazia yamefungwa, mama na bintiye wakisimama bega kwa bega, huku watoto wa jirani wakicheza mpira juani. Tarehe 23 Juni wenyeji waliwasha mioto ufukweni kwa sikukuu yao ya kiangazi. Tuliitazama kwa mbali kutoka dirishani, kisha pazia likarudishwa. Tarehe 27 tuliagana. Miraba saba ilikuwa imejaa.

Kwa familia zinazokusudia kusafiri

Wazazi wengi siku hizi wana watoto Ulaya ya kaskazini na Kanada, na wengine wanajiandaa kuwapeleka. Kwa yale tuliyoyaona, tunawausia machache.

Kwanza, kabla ya safari ulizeni msikiti wa mahali mnapokwenda wanafuata hesabu gani, mchukue ratiba iliyoandikwa. Programu za simu hutofautiana sana katika nchi hizo, msiziachie uamuzi.

Pili, tambueni hukumu ya msafiri. Sisi tulinuia kukaa siku kumi, na kwa madhehebu ya Shafi anayenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, hutimiza swala zake na hapunguzi.

Tatu, msiupuuze usingizi. Watoto wetu siku mbili za mwanzo walicheza mpaka saa nane usiku bila kujua, na Alfajiri ikawa shida. Mapazia mazito na saa maalumu ya kulala ni lazima. Chukueni pia nguo za baridi. Juni ya huko ni baridi kuliko Julai ya Lushoto.

Nne, na hili ndilo kubwa, msiwafundishe watoto saa za swala peke yake. Wafundisheni pia nyakati zinatokana na nini, na mtu afanye nini alama zikikosekana. Mtoto aliyezoea adhana ya jirani hajui kwamba amebebwa, mpaka siku atakapofika mahali pasipo mwadhini. Na mkimpigia simu, msitosheke na “Umeswali?” Muulizeni, “Unaswali wapi, na nani, kwa saa zipi?” Swali la kwanza hujibiwa kwa ndiyo. La pili humfungulia mtoto mlango wa kusema kwamba amekwama.

Mwishoni mwa mwezi Agosti simu ya mama iliita baada ya Isha. Ilikuwa picha kutoka Tromsø: karatasi ya ukutani, miraba yote 50 imejaa, na nyuma yake dirisha lisilo na pazia. Nje kulikuwa giza. Mama aliitazama kwa muda, akamwandikia mwanawe maneno matatu: “Allah akutakabalie. Lala.”

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na vizazi vyetu kuwa wenye kusimamisha swala popote atakapotuweka. Amin.